Ngariba Aliyengoja Jibu

Baba yangu alikuwa halambi asali. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wakimtaja Mzee Fakihi wa Temeke hukumbuka kisu chake, na ubishi wake na Mwalimu Sadallah, na ile siku pilau ililiwa kimya kama dawa. La asali hawalijui. Asali ikiletwa nyumbani kwetu, baba anainuka. Hasemi kitu, hakunji uso, anainuka tu anakwenda kukaa barazani mpaka chupa iondolewe. Marehemu mama yangu, Bi Mwajabu, mwenyeji wa Mtoni, alikaa naye maisha yake yote akidhani ni mwiko wa ukoo wao huko kusini, na kwa adabu asimuulize. Na mie Hamisa, mwanawe, nikadhani hivyo hivyo.

Baba alikuwa Mmwera. Alifika Dar es Salaam Mwingereza akiwa ndiyo kwanza anakipasha joto kiti cha Mjerumani. Akapata kibarua bandarini, kibarua kikamchosha, akarudia kazi mbili alizotoka nazo kwao: kuwamba vitanda vya kamba, na kutahiri. Vitanda kila siku, kutahiri msimu ukifika. Watu wa Temeke walikuwa na mzaha wao kwamba Mzee Fakihi anakutahiri, halafu anakuuzia kitanda cha kuuguzia kidonda. Baba hakuwa akicheka mzaha huo, maana mara nyingine ilikuwa kweli.

Sasa niwaeleze desturi yake, maana ugomvi wote ulianzia hapo.

Mangariba wengine sifa yao ilikuwa wepesi. Mtoto anakalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, kungwi amemkumbatia kwa nyuma, anaambiwa tazama ndege yule, akitazama juu kazi imekwisha. Baba hakutaka mambo ya ndege. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anachuchumaa mbele ya mtoto, kisu bado kimefungwa kitambaani, anamtazama usoni na kumuuliza maswali mawili. La kwanza: "Jina lako nani?" La pili: "Umekuja kufanya nini hapa?" Kisha anangoja. Kungwi akijibu, halihesabiwi. Baba mzazi akijibu, ndiyo halikubaliwi kabisa. Mpaka mtoto mwenyewe aseme kwa kinywa chake, "Nimekuja kutahiriwa," ndipo kitambaa kifunguliwe.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa Yombo aliulizwa umekuja kufanya nini, akajibu kwa furaha, "Kula ubwabwa!" Baba akasimama, akawaambia wazee wake, "Mrudisheni nyumbani. Mkamwambie kweli, kisha mje." Wale wazee walitukana njia nzima kurudi Yombo. Wakamleta tena baada ya muda, safari hii analia tangu mlangoni, na katikati ya kilio akajibu inavyotakiwa. Baba akafanya kazi yake. "Kulia ruhusa," alisema. "Uongo ndio sitaki mie."

Hakuna mtoto aliyewahi kukataa. Watakataaje, na kungwi kawafundisha jibu wiki nzima? Watu walilizoea swali lile kama walivyozoea bismillah, kitu cha kusema kabla ya kuanza. Mie pia. Nadhani hata baba alilizoea hivyo, ingawa hakujijua.

Kwa desturi hiyo, watoto wachanga hakuwagusa. Mchanga ukimuuliza jina anakutemea maziwa. Na zamani hilo halikumletea tabu, kwa sababu karibu kila mtu alingoja mtoto apate akili, aingie jandoni na wenziwe, wapigiwe ngoma. Tabu ilianza baada ya vita vya Hitla.

Kwanza alikuwepo Mwalimu Sadallah, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani kwenye kibaraza chake karibu na kwetu. Mtu mwema, ila akianza hoja haachi mpaka mwenzake asinzie. Yeye alisema siku ya saba ndiyo bora: mtoto ananyolewa nywele, anachinjiwa akika, anatahiriwa, mambo yote yanakwisha pamoja, na ngoma za kumbi huko jandoni na nyimbo zake zisizosemeka zinakufa. Halafu hospitali ya mjini nayo ikawa inawafanyia wachanga. Jirani yetu Sesilia, mke wa Albano, Mmakonde mchonga vinyago, alikuwa amempeleka wake huko kwa sababu padri wao hakutaka kusikia habari za kumbi. Kile kitoto kilipona upesi hivi kwamba Sesilia alikuwa anakipitisha nyumba kwa nyumba kukionyesha, kama kakishona yeye.

Halafu alikuwepo mume wangu, Jabiri.

Jabiri alikuwa karani wa tiketi pale stesheni ya reli, na alikuwa mtu wa siku hizi. Siku hizi watu hawalali na mbu. Siku hizi maji yanachemshwa. Kila alilolitaka lilikuwa siku hizi, na kila asilolitaka lilikuwa la zamani. Nilipomzaa mtoto wetu wa kwanza, mwezi wa Mfungo Tatu, tukamwita Hija, Jabiri akasema siku ileile kwamba mtoto huyu hatangoja mambo ya zamani. Atatahiriwa angali mchanga. Na mie niliafikiana naye, tena sana. Nyie mnaonijua mnajua mie si mtu wa kuficha. Nilikuwa nimekulia katika nyumba ya ngariba. Nilikuwa nimewaona wavulana wanatembea miguu kando wiki nyingi, nimewachemshia maji ya chumvi, nimesikia homa zao kupitia ukuta. Niliona bora mwanangu apate maumivu yake asiyoyajua kuliko akae miaka anayangojea.

Siku ya akika wanaume walikaa ukumbini, mie na mwanangu chumbani nyuma ya pazia, maana arubaini yangu haijaisha. Mtoto keshanyolewa. Mwalimu Sadallah akakohoa.

"Mzee Fakihi," akasema, "nywele zimeondoka, mbuzi kachinjwa. Tumalizie na lile moja. Na ngariba tunaye humu humu ndani."

"Mie sitahiri mtu nisiyeweza kumuuliza," baba akasema.

"Lakini nywele mmemnyoa, hukupinga. Nani alimuuliza?"

"Nywele zinaota."

Watu wakacheka. Jabiri hakucheka. Akasema kwa heshima, maana alikuwa anaongea na mkwewe, "Baba, siku hizi madaktari wanasema mchanga damu yake kidogo inayotoka, kidonda kidogo, na kubwa zaidi ni kwamba hatakumbuka kitu."

"Nikikuibia saa yako umelala, utakumbuka?" baba akamuuliza.

"Sitakumbuka, lakini nikiamka nitaiona haipo."

"Basi."

Mwalimu Sadallah akasema saa na suna si mamoja, na mtoto ni amana ya baba yake. Baba humchagulia jina, chakula, dini, humpa na chanjo ya ndui bila kumuuliza. Je, hayo nayo tuyaache mpaka apate akili? Baba akakiri kuwa neno hilo ni zito. Akasema jibu lake hana, ila mkono ni wake, na mkono wake haupeleki pale.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikatoa kichwa penye pazia, na aibu ya mzazi nikaitupa huko. "Baba we! Na yule kijana wa Keko aliyeoza kidonda? Ulimuuliza, akakujibu vizuri, ukamkata, akakaribia kufa! Swali lako lilimsaidia nini?"

Lilikuwa jambo la kweli na halikuwa la kusemwa mbele za watu. Baba hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kweli," akasema. "Alikaribia kufa. Na alipopona alikuja hapa mlangoni akanitukana mpaka jua likazama, nami nikakaa nikamsikiliza, kwa kuwa alikuwa na haki. Alijua katukana nani na kwa nini. Huyu wa siku saba atamtukana nani?"

Jabiri alikuwa na msimamo imara, lakini nyumba ilikuwa ya baba. Tulikuwa tunakaa chumba cha uani, na kwenda kwa ngariba mwingine au hospitali ilikuwa sawa na kumbandikia mkwewe tangazo mlangoni kwamba kazi yake hata wajukuu zake hawaiamini. Mambo yakaishia hapo. Mtoto angengoja.

Hija akakua mapajani kwa babu yake. Alipoweza kusimama alikuwa anashika ncha ya kamba wakati baba anawamba vitanda, na wakiwa kazini wanaulizana mambo. Baba alikuwa na tabia hiyo ya ajabu ya kumuuliza mtoto swali na kunyamaza mpaka ajibiwe. "Hija, kamba hii imekaza?" Mtoto anaivuta, anafikiri. "Bado, babu." Na baba anaifungua anaanza upya. Mie nilikuwa nachungulia nasema jamani, mzee mzima anaendeshwa na kitoto. Sikujua nilichokuwa nakitazama.

Mwaka ule Malkia alipotawazwa na wanafunzi wakapewa peremende na kuimbishwa, Hija alikuwa na umri wa kutosha. Jabiri akasema imetosha sasa, hata mambo ya zamani yana mwisho wake. Ikapangwa. Wakaungana na watoto wengine wawili, mmoja wa mtaani, mmoja wa Mtoni kwa ndugu zake mama. Sherehe yetu ilikuwa kubwa kwa sababu mtahiriwa ni mjukuu wa ngariba, na watu waliosema baba amemchelewesha mtoto walitaka kuja kuona anamfanyaje. Kungwi wa Hija, mdogo wake Jabiri, alimfundisha jibu mpaka mtoto akawa analisema usingizini.

Uani palizungushiwa makuti. Ndani wanaume, nje sie wanawake, hairuhusiwi hata kuchungulia. Asubuhi na mapema pilau iko motoni, ngoma zimeshapashwa moto, na sie tumesimama tumejipanga, vigelegele viko kooni, tunangoja. Desturi ni kwamba mtoto akishakatwa wanaume wanaimba kwa nguvu ili kilio chake kisisikike, na wimbo ule ukianza ndipo sie nasi tunapokea.

Wa kwanza Hija. Nikamsikia baba kupitia makuti, sauti yake ya siku zote.

"Jina lako nani?"

"Hija bin Jabiri."

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kutahiriwa."

Alijibu vizuri, kwa sauti, mama yangu akanishika mkono. Nikavuta pumzi.

"Lakini sitaki, babu."

Basi. Nilibaki mdomo wazi na kigelegele changu ndani. Shangazi mmoja wa Mtoni, ambaye masikio yake yalikuwa na hitilafu, akapiga cha kwake peke yake, akazibwa mdomo.

Ndani, Jabiri akasema, "Ni woga tu huo, baba. Mkate."

Nikamsikia baba akimuuliza Hija, "Unaogopa?"

"Naogopa."

"Ukiacha kuogopa utataka?"

Mtoto akafikiri. Watu wote wale, na ngoma, na pilau, na yeye anafikiri kama yuko kwenye kitanda cha kamba. "Sijui. Leo sitaki."

Mwalimu Sadallah akaingilia, na kusema kweli alijaribu kuokoa jambo. "Mzee Fakihi, mtoto hana kauli. Kauli ni ya mzazi wake, na mzazi wake huyu hapa keshasema."

"Mbona basi namuuliza?"

"Unamuuliza kwa desturi!" Jabiri akafoka. Ile heshima ya ukwe ilikuwa imefika mwisho. "Kila mtu anajua unauliza kwa desturi!"

"Desturi ni kuuliza na kungoja jibu," baba akasema. "Nimengoja. Limekuja."

Nikasogea mpaka pua ikagusa makuti. "Baba, mkate! Utatuvua nguo mbele za watu! Baba!"

"Hamisa," ikaja sauti kutoka ndani, "hapo ulipo pana kazi ya pilau. Itaungua."

Akamtelemsha Hija kwenye kinu. Akaita mtoto wa pili, yule wa Mtoni. Jina lako nani, akalisema. Umekuja kufanya nini hapa, yule mtoto akawatazama watu, akamtazama Hija amesimama pembeni mzima mzima, akasema, "Na mie sitaki." Wa tatu hakungoja kuulizwa. Akasema anataka kwenda kukojoa, akaruhusiwa, akapitia tundu la makuti, na walikuja kumkamata Chang'ombe.

Baba akakichukua kisu ambacho hakikufunguliwa, akatoka nje. Akasema, "Pilau imeiva. Watu wale." Na watu wakala, kwa sababu imepikwa na haiwezi kurudi kuwa mchele. Msibani huwa kuna maongezi zaidi.

Nilimfuata nyuma ya nyumba niliposhamaliza kupakua. Nilikuwa nimepanga maneno, na yalikuwa makali, nyie wenyewe mnanijua. Nikamkuta amekaa juu ya rundo la kamba za vitanda. Mikono inamtetemeka. Sijawahi kuiona ikitetemeka, hata siku ya yule wa Keko.

"Baba, umefanya nini?"

Hakunitazama. "Huyu amenijibu," akasema. "Huyu peke yake, Hamisa. Wale wengine wote, miaka yote hii, walikuwa wananijibu walivyofundishwa. Na mie nilikuwa nawakata."

Maneno yangu makali sikuyaona tena yalikokwenda. Nikarudi jikoni nikaosha vyombo.

Msimu uliofuata hakuna aliyemletea mtoto, na nadhani hata angeletewa asingekata. Watu wa Temeke walipata hoja waliyokuwa wakiitafuta: ukingoja mtoto awe mkubwa, atakukataa. Hospitali ikajaa wachanga wetu. Mwalimu Sadallah alishinda ubishi wa miaka bila kutia neno jipya, na sifa njema moja niliyonayo juu yake ni kwamba hakumcheka baba hata siku moja. Alikuwa akipita anamwamkia kama kawaida, anasimama kutazama vitanda, kisha anaendelea na safari yake.

Mie na baba tulikuwa tunasemezana ya lazima tu. Njoo ule, maji haya hapa. Na kuishi na mvulana mkubwa asiyetahiriwa si mchezo. Wenziwe walikuwa wanamwimbia njiani nyimbo ambazo sitazirudia. Siku moja wageni walifika ghafla kutoka Buguruni, mwanamume pekee nyumbani ni Hija, na mgeni mmoja akauliza kwa upole kama huyu kijana "ameshaingia jandoni," maana kuku akichinjwa naye hawataweza kula. Mama yangu akazunguka mtaa mzima na kuku kwapani akitafuta mwanamume. Albano alikuwepo, tena ametahiriwa vizuri kabisa, lakini Mkristo. Kuku yule alichoka kubebwa. Mwishowe alichinjwa na mpita njia.

Nikapata mtoto wa pili, Salumu. Huyu sikumngojea mtu. Nilimpeleka hospitali na Jabiri, kimyakimya, angali mchanga, na alipona kama Sesilia alivyosema wanapona. Nasema hivi kwa wale wanaodhani hadithi yangu ni ya kuwasema waliopeleka wachanga. Mie mwenyewe nilipeleka. Ningepata mwingine ningepeleka tena.

Baba alijua. Chumba chetu na chake vinatenganishwa na ukuta wa udongo, atakosaje kujua? Alikuja akamchukua mtoto, akampakata, akamtazama muda mrefu.

"Alilia?" akaniuliza.

"Alilia."

"Haya," akasema. "Basi na yeye alijibu."

Akanirudishia mtoto, akaenda zake kwenye vitanda. Nilikasirika siku nzima. Mpaka leo likinijia nakasirika.

Hija alipoanza kuota ndevu, tuseme kivuli cha ndevu, siku moja alirudi kutoka shule, akaweka madaftari, akaenda moja kwa moja alipo babu yake. Baba alikuwa mzee sasa. Macho yalikuwa yameingia ukungu, sikio moja halisikii tena, na ule mtetemeko uliomwanza siku ya pilau haukuwahi kuondoka. Vitanda alikuwa akiviwamba kwa kupapasa. Mie nilikuwa naanua nguo, nikasikia kila kitu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Hija akachuchumaa mbele yake. "Jina langu Hija bin Jabiri. Nimekuja kutahiriwa."

Baba akaacha kamba. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Wanakuimbia?"

"Wananiimbia siku zote. Si hilo."

"Kwa nini, basi?"

"Babu, wewe huwa unauliza jina na mtu alichokuja kufanya. La kwa nini hujawahi kumuuliza mtu."

Baba akacheka. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele, wote watatu tukaitazama inavyocheza. Akairudisha mapajani. "Mie siwezi tena, mjukuu wangu. Umeniweka mpaka nimeisha. Lakini nitakupeleka."

Tukaenda hospitali asubuhi, watatu, Jabiri yuko kazini. Tukakaa kwenye benchi pamoja na kina mama wenye vichanga, na kijana wangu katikati yao mrefu kama mlingoti. Watu wakawa wanamtazama. Ili kuyakwepa macho ya watu, nadhani, Hija akamuuliza babu yake, "Na wewe, babu, siku yako ulijibuje?"

"Mie?" baba akasema. "Mie sikuulizwa."

Nilidhani ndiyo imetoka hiyo. Kisha akaendelea, akitazama ukuta. "Wajomba walikuja nyumbani asubuhi. Wakaniambia wameona mzinga porini, twende tukarine asali. Mie nilikuwa napenda asali kuliko kitu chochote. Nikachukua kata yangu mwenyewe ya kutilia. Nilikwenda mbele yao, mbio, nawaambia fanyeni haraka." Akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Mpaka nimefika nimeona kinu, bado nauliza mzinga uko wapi."

Mama mmoja pale benchini akambana mwanawe kifuani. Mie nilitazama chini. Miaka yote ile naondoa chupa mezani, namwita mwenye mwiko, kumbe ni mtoto wa watu ameshika kata.

Dresa akaita jina. Kijana mwenye koti jeupe, ana haraka, na watu wamejaa. Akamshika Hija bega, akamwonyesha kitanda cha chuma. "Lala hapo. Teremsha kaptura."

"Hujamuuliza," baba akasema kutoka mlangoni.

"Nini, mzee?"

"Hujamuuliza."

"Nimuulize nini? Kaja kutahiriwa, karatasi imeandikwa."

"Karatasi nimeisikia. Muulize yeye."

Dresa akanitazama mie, nadhani alitaka nimwondoe mzee. Sikumwondoa. Nikasema, "Muulize tu, mwanangu. Hatachukua muda mrefu." Kwa hiyo akapumua kwa nguvu, akamgeukia Hija, akamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya ndizi, "Haya. Unataka?"

Baba akainamisha kichwa kwa sikio lake zima. Akangoja.

"Nataka," Hija akasema.

Mlango ukafungwa. Baba akarudi kwenye benchi akakaa, na sikujua anafanya nini mpaka nilipoona mabega. Nikamwacha alie. Ruhusa.

Kidonda cha Hija kilichukua muda, kirefu kuliko cha Salumu, na alilalamika kila siku, nami kila siku nilimwambia hukuulizwa wewe? Baba alimwambia hayo hayo. Akawa anakaa naye anamwambia yale ya kumbi anayopaswa mwanamume kuyajua, ambayo mie sikupaswa kuyasikia na nimeyasikia yote kupitia ule ukuta.

Alipopata nguvu ya kutembea, Hija alitoka peke yake, akarudi na chupa. Asali ya porini, nyeusi. Akaiweka mbele ya babu yake. Mie nikasimama haraka kuiondoa, kwa mazoea, na baba naye tayari keshaanza kuinuka.

Kisha akakaa. Akaipapasa chupa.

"Hii ya nini?"

"Ya kula, babu."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Ya kula tu."

Baba akamgeuzia uso, macho yake yale ya ukungu, akangoja kama anavyongoja siku zote. Hija hakuongeza neno. Mzee akachovya kidole, akalamba.

"Ina moshi," akasema.

Akachovya tena.